Kaseti ya Mafundisho ya Ndoa

Mimi ndiye niliyeifuta sauti ya yaya wangu. Naanza na hilo kwa sababu kwetu watu wamelizunguka neno hili miaka mingi, kila mmoja akitafuta wa kumtwisha: mara mjomba, mara betri, mara Padri na kaseti zake. Sitaki. Mkono ulikuwa huu wangu wa kuume. Niliitoa kaseti kwenye kikapu, nikaitia ndani ya redio, nikabonyeza kitufe chekundu, na nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Yaya, kwetu Lubumbashi, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu alinitangulia miaka saba. Alikuwa mwimbaji, na jambo moja tu alilitaka hapa duniani: sauti yake iingie ndani ya diski. Alitaka ile sahani nyeusi unayoishika kwa ncha za vidole, yenye tundu katikati na jina la mtu limelizunguka tundu. Alikuwa akisema mwimbaji asiye na diski ameimbia hewa, na hewa ya Katuba, mtaa wetu, ilikuwa na moshi wa kuitosha.

Usinicheke nikisema kwamba ugonjwa huo ulianzia kwenye sinema. Baba alifanya kazi kwenye tanuru la kampuni ya shaba, na Jumamosi jioni kampuni ilikuwa ikiwaonyesha wafanyakazi na watoto wao filme kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kauboi, karate, na zile za Kihindi ambamo msichana analia dakika tano na kuimba kumi. Mikanda ilitufikia imechoka, imekatwa na kuungwa mara nyingi, hata mwuaji alikuwa akikamatwa kabla hajaua. Hatukujali. Kauboi akipiga risasi, nusu yetu tulianguka na viti. Yaya yeye alingoja nyimbo. Alizishika za Kihindi zote bila kujua maana ya neno hata moja, na Jumapili baada ya misa mama alimkuta nyuma ya nyumba amejifunga kitenge chake kichwani, anamwimbia kuku wetu. Kuku alikuwa anasikiliza, nisiseme uongo.

Halafu kulikuwa na diski za baba. Kumi na moja, zikikaa juu ya kabati karibu na gramafoni, na ole wako uziguse na mikono yenye mafuta. Nyingi zilikuwa za orkesta za mji mkuu, moja ya Wamarekani weusi wenye nywele kama mwavuli, moja ya Zambia aliyoileta jirani aliyekuwa akivuka Mokambo kununua sukari. Yaya aliyasoma makasha ya diski zile kuliko alivyosoma kitabu chochote cha shule. Alijua nani alipiga gitaa la pili. Alijua wale mabwana waliovaa abakosi, zile suti zisizo na tai, na kuegemea gari jeupe kwenye picha hawakuwa na gari. “Ile gari iko ya mupiga picha,” alikuwa akiniambia. “Lakini angalia namna banasimama.” Naye alisimama vile vile mlangoni, ameegemea baiskeli ya baba.

Alipokua, walikusanyika vijana sita wakaunda orkesta yao, gitaa tatu na ngoma moja iliyotengenezwa kwa pipa. Waliimba kwenye arusi, wakaimba kwenye baa za Kenya, wilaya ya jirani ambako kila ukuta una karakana au kanisa nyuma yake. Mgeni wa Chama akija mjini, waliitwa kiwanjani kucheza na kumsifu Mwongozi, rais wetu, tangu asubuhi mpaka jua linageuka, na ukikataa unajua mwenyewe. Yaya alirudi nyumbani koo limekauka, amenuna. “Leo nimebaazimisha sauti,” alisema. “Haikukuwa yangu.”

Padri wa parokia yetu, mzungu mzee aliyependa muziki kuliko alivyopenda kuhubiri, ndiye aliyewarekodi. Alikuwa na mashini kubwa ya mikanda miwili inayozunguka. Akawafungia kwenye ukumbi wa parokia, akatundika mablanketi madirishani, wakaimba nyimbo nane. Mkuu wa orkesta akaichukua ile mikanda kwenda nayo mji mkuu kwa watu wa kutengeneza diski, na kabla hajaondoka Padri akamnakilia yaya nyimbo zote kwenye kaseti moja. Ilikuwa kaseti ya parokia, nyeupe yenye msalaba wa bluu, kama zile alizowagawia waamini zenye mahubiri yake. Sisi nyumbani tulikuwa nazo sita: ya Kwaresima, ya Majilio, ya ubatizo, ya mafundisho ya ndoa, na mbili sizikumbuki tena. Ya yaya ikawa ya saba.

Ile kaseti niliisikiliza mpaka mama akatishia kuichemsha na mboga ya bondo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa king'ora cha kiwanda. Wa nane, wa mwisho, ulikuwa wa mwanamke aliyesimama mpakani Mokambo akimngoja mume aliyevuka kwenda Zambia na hakurudi. Pale mwisho yaya alipandisha sauti juu, juu, mpaka unashika shingo yako mwenyewe. Sijui aliitoa wapi. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliondoka chumbani kila ulipofika pale, akajidai anakwenda kuangalia mlango wa nyuma.

Mkuu wa orkesta hakurudi. Mwaka ukapita bila neno. Na ndani ya mwaka huo uvimbe ukaanza kooni mwa yaya, ule unaoitwa rovu. Aliuficha kwa skafu, hata wakati wa joto, akisema ni mtindo wa waimbaji wa mji mkuu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Siku alipoanza kukabwa na ugali ndipo baba alipomshika mkono akampeleka hospitali. Daktari alimwambia wazi kabla ya kumpasua: nitaokoa pumzi, sauti siiahidi. Akaokoa pumzi. Yaya alipoamka akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mtu anayekunja karatasi kavu. Tulingoja mwezi, tukangoja miwili, mama akimpa tangawizi na asali. Kikabaki hicho hicho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo sijaona mtu akikaa vile alivyokaa. Hakulia wala kulalamika. Alikaa kwenye kiti mlangoni, na orkesta za majirani zikipita redioni, vidole vyake vilipiga gitaa lisilokuwepo. Wenzake wanne waliobaki walitawanyika. Ule ukuta wa sinema wakati huo ulikuwa umeshakufa pia: taa ya mashini iliungua, hakuna aliyeleta nyingine, wakaandika juu ya chokaa maneno ya Chama. Mshahara wa baba ulikuja ulipotaka. Kila kitu kilikuwa kinapungua, kidogo kidogo, unga, sabuni, watu.

Ndipo ikaja barua kutoka mji mkuu. Watu wa diski waliandika kwamba mikanda ya Padri ililowa na mvua ghalani, imeharibika yote. Lakini kabla haijaharibika walikuwa wamesikiliza nyimbo mbili na hawakuzisahau. Walikuwa wanaandaa diski kubwa ya sauti za majimbo. Kama tunayo nakala safi, tuitume kabla kiangazi hakijaisha. Hata wimbo mmoja, waliandika, utatosha kumpa nafasi yake na jina lake kwenye kasha.

Yaya aliisoma amesimama, kisha akaketi chini sakafuni kama mtoto. Alicheka kwa ile karatasi yake kavu. Sauti yake ilikuwa imekufa kooni, lakini ilikuwa hai ndani ya plastiki, na kulikuwa na watu waliokuwa wanaingoja. Hakutaka kuitia posta. Posta ya siku zile ilikuwa mdomo wa mamba. Alimpata jirani aliyekuwa anasafiri kwa ndege baada ya wiki chache, mtu wa sala, akakubaliana naye ampelekee mkononi.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mwenye akili. Katuba yetu ilikuwa ya waazimaji. Mtu anaingia, anasalimia, anauliza habari ya mguu wa mama, na akitoka kaseti yako imetoka naye. “Bantu banaombaka, habarudishaka,” yaya alikuwa akisema. Habari ya ile barua ilipoenea mtaani, kila mmoja akataka kusikia nyimbo zilizoombwa na mji mkuu. Yaya akaogopa. Akaitoa kaseti yake kwenye kasha aliloliandikia jina la orkesta kwa wino mwekundu, akaificha ndani ya kasha la mafundisho ya ndoa. Mahubiri yale yalikuwa ya dakika sitini, na hakuna aliyewahi kuyaazima tangu yatoke parokiani. Mahubiri yenyewe akampa katekista, na kasha lenye wino mwekundu akalitilia kaseti ya nyimbo za filme za Kihindi iliyopoteza kasha lake, ili mwizi akiiba, aibe Wahindi. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, baba, maana mimi, alisema, nina mdomo.

Ni kweli nina mdomo. Lakini baba alikufa siku tisa baadaye.

Homa ilimkuta kazini Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Siwezi kusema zaidi ya hapo, hata sasa. Viti na kabati vilitolewa nje, wanawake wakakaa chini juu ya mikeka, wanaume wakakaa uani kuzunguka moto, na yaya, mtoto wa kwanza, akanyolewa kichwa. Gramafoni iligeuzwa uso ukutani, ikafunikwa kitenge cheusi. Kikapu cha kaseti kikafunikwa vilevile. Kwetu, tangu siku ya maziko mpaka siku ya kumaliza kilio, nyumba haipigi muziki. Nyimbo za kanisa, ndiyo. Nyimbo za kulilia, ndiyo. Lakini gitaa likilia katika nyumba ya kilio, unamtukana marehemu mbele ya watu, umemwambia kwamba kufa kwake ni sikukuu. Hata majirani pande zote waliteremsha redio zao.

Baba alikuwa na kaka mkubwa kule kaskazini, upande wa Kongolo, mzee asiyeweza tena kusafiri, na treni nayo ilikuwa inapita ikikumbuka. Na mzee wa ukoo lazima asikie kilio cha mdogo wake. Lazima asikie nani alilia na namna gani, nani alisema nini, ugonjwa ulielezwaje. Asiposikia, atasema ndugu yake alifukiwa kama mbwa, na neno hilo litakaa juu ya mama na juu yetu watoto. Zamani alitumwa mtu akasimulie. Siku zile tulituma kaseti. Familia zote za watu wa kaskazini tuliowajua Katuba zilifanya hivyo, na kulikuwa na wanawake waliojulikana kwa kulia vizuri mbele ya mashini.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia kilio. Akanijia jikoni.

“Tafuta kaseti,” akasema. “Ya baba mukubwa.”

“Mjomba, ku soko hakuna. Tangu wiki mbili hakuna.”

“Basi angalia mu ile kikapu. Si muko na ile ya Padri mingi?”

Nikaenda kwenye kikapu, nikainua kitenge. Kasha la wino mwekundu nililisogeza kando kwa heshima, nikalifunika vizuri peke yake, nikijisifu moyoni kwamba naulinda urithi wa yaya. Kisha nikatazama zile sita za Padri. Kwaresima haifutwi. Majilio haifutwi. Ubatizo, mama aliupenda. Lakini ndoa! Nani nyumbani mle alikuwa anaoa? Mama mjane, yaya bubu nusu, mimi sina mchumba. Nikaichukua.

Padri alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti zake zote, ili mashini ikatae kurekodi juu yake. Kila mtoto wa Katuba alijua dawa ya hilo. Unakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, unaziba kitundu, mashini inadanganyika. Niliziba vizuri. Mimi ni fundi wa mambo hayo.

Nilitaka kuisikiliza kwanza, nipate pale mahubiri yanapoanza. Naapa nilitaka. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, mjomba akanishika kiganja.

“Apana,” akasema. “Mu hii nyumba, mashini itasikia kusikia tu. Haitasema kintu.”

“Iko mahubiri tu, mjomba.”

“Unajua weye? Kama iko muziki ndani? Bantu batasema nini?”

Alikuwa na haki, ndiyo maana inaniuma. Ilikuwa na muziki ndani. Kama ningebishana naye, kama ningekuwa siku ile na ule mdomo ambao yaya aliuogopa, gitaa lingelia mara moja katika nyumba ya kilio, watu wangeshika vichwa, tungelipa faini ya kuku kwa wazee, na yaya angepona. Badala yake nikawa mtoto mwenye adabu. Mara moja katika maisha yangu.

Nikabonyeza. Mama akalia akimwita baba kwa majina ya sifa ya ukoo wake, akaeleza homa tangu Jumatatu. Mashangazi wakaitikia. Shangazi mmoja alilia vizuri mno hata nikasahau mashini nikalia naye. Upande wa kwanza ukaisha wote. Nikageuza kaseti, mjomba akaichukua redio, akatoka nayo uani kwa wanaume. Wazee wakasema maneno yao. Kisha mjomba akaisogeza mbele ya yaya, maana mtoto wa kwanza lazima amshukuru baba mkubwa na kumwambia kwamba nyumba imebaki mikononi mwake.

Nilikuwa mlangoni, nikamwona. Aliinamisha kile kichwa kilichonyolewa, akaiweka midomo karibu kabisa na mashini, akasema kwa nguvu zake zote. Sisi tuliokuwa hatua nne hatukusikia kitu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alisema dakika mbili, labda tatu, na kila neno lilikuwa linakaa juu ya wimbo wake mwenyewe na kuufuta. Kisha betri zikaisha, mashini ikasimama, mjomba akasema inatosha. Akaitia kaseti pamoja na kasha lake ndani ya bahasha, akaifunga kwa nta ya mshumaa, akampa mtu wa reli aliyekuwa anakwenda kaskazini.

Siku ya kumaliza kilio ilikuja baada ya majuma sita. Watu wanaoga, wanavaa nguo safi, wanakula pamoja, na gramafoni inageuzwa uso tena kuwatazama watu. Jirani wa ndege aliahirisha safari yake kwa ajili yetu, akasema ataondoka Jumanne. Ua ulijaa. Na mimi, kwa akili zangu, nikataka kumfurahisha yaya. Nikawaza: muziki wa kwanza kulia nyumbani baada ya baba uwe sauti ya mtoto wake. Nikatangaza kabisa, nikapiga makofi watu wanyamaze, nikachukua kasha la wino mwekundu, nikatia kaseti bila kuitazama, nikafungua sauti mpaka mwisho.

Zikatoka filimbi, na msichana wa Kihindi akaanza kulia.

Watu walicheka, wakasimama, wakacheza. Wanawake walishika shingo zao na kuzitikisa kama kwenye sinema. Mama mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza. Yaya alikuja kwangu akipita katikati ya wachezaji, naye anacheka, akaniinamia sikioni.

“Niliificha,” akasema. “Sababu ya baazimaji. Iko mu kasha ya mafundisho ya ndoa. Nenda kamata, bantu basikie.”

Sikuweza kusogea. Yeye alikuwa bado anatabasamu. Akanitazama, tabasamu likabaki pale mdomoni muda mrefu kuliko lilivyopaswa.

“Yaya,” nikasema, “ile ya ndoa njo tulilia ndani.”

Akaenda kwenye kikapu. Akafungua Kwaresima, akafungua Majilio, akafungua zote, moja moja, akazipanga sakafuni, na msichana wa Kihindi hakunyamaza wakati wote huo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anapaswa kunyamazishwa. Kisha akakaa. Laiti angenipiga! Angekuwa na sauti angepiga kelele, nami ningepiga kelele zangu, tungegombana kama watu. Lakini utagombana vipi na mtu anayenong'ona? Mama alipoelewa alisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimchukia kwa methali ile, Mungu anisamehe, nilimchukia siku nzima.

Asubuhi yake nikakumbuka betri. Zilikufa kabla upande wa pili haujaisha! Nilihesabu kwa vidole: mama, mashangazi, wazee, yaya. Mwisho wa upande wa pili haukuguswa, na mwisho ule ulikuwa wimbo wa nane, wa mwanamke wa Mokambo, wenye ile sauti ya juu. Hata wimbo mmoja utatosha, waliandika hivyo kwa mkono wao. Nikamkimbilia yaya, nikamwamsha kwa kumtikisa mguu. Aliketi. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Siku ile ile akaandika kwa baba mkubwa: tafadhali usifanye kitu na kaseti, turudishie, tutakutumia nyingine. Na kwa watu wa diski akaandika: inakuja.

Tukangoja. Jirani wa ndege akaenda zake mikono mitupu. Kila treni iliyoingia kutoka kaskazini, mimi au yaya tulikuwa stesheni, tukiwauliza watu wa reli mpaka wakatuchoka. Alianza tena kusimama mlangoni ameegemea baiskeli ya baba. Mama alinikataza kumwambia neno lolote la matumaini, akasema nimeshafanya ya kutosha. Kiangazi kikazeeka, upepo wa vumbi ukaanza, joto likapanda. Watu wa diski hawakuandika tena.

Barua ya baba mkubwa ililetwa na mchuuzi wa samaki wakavu, ikinuka samaki. Ilikuwa na mwandiko wa katekista wa kule. Yaya alikuwa na mikono ya mafuta kwa sababu alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli, akaniambia nimsomee. Nilisoma nimesimama.

“Batoto bangu. Tulipokea kilio. Tulikaa bote chini, wazee na batoto, tukasikiliza. Mulilia muzuri. Mama yenu alisema ukweli. Mutoto mukubwa hatukusikia alisema nini, tulijua ni uchungu. Kiisha kilio kunyamaza, tukasikia gitare. Kijana mumoja akaimba wimbo wa kucheza. Mu kilio cha ndugu yangu! Niliona haya mbele ya ukoo wote. Nilitoa ule utepe na mikono yangu, tukauchoma nyuma ya nyumba. Barua yenu ya kuomba kaseti ilitukuta tumekwisha kuchoma. Sitawalaani, labda ni kosa la mashini. Lakini nauliza: ule kijana ni nani? Wimbo wake ulifanya batoto ba hapa basimame kucheza, na wamama wawili pamoja nao, katikati ya machozi, tukawafukuza. Njo maana nilikasirika. Angekuwa anaimba mubaya, ningezima tu.”

Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama. Nilisikia mnyororo unaanguka chini. Akaniambia nirudie pale mwisho, tangu penye batoto. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikarudia. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na mara ya nne nikakasirika, nikamtupia ile karatasi kifuani.

“Yaya, unajua kusoma kunishinda! Soma weye mwenyewe!”

Aliiokota. Akaifuta vumbi kwa mkono wake wenye mafuta, ikazidi kuchafuka, akanirudishia.

“Apana,” akanong'ona. “Miye nikisoma, haisikilike. Soma weye.”

Nikasoma.